Kabla ya kununua monita kubwa, chungulia kwanza mgongo wa kompyuta yako

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyumba nyingi za mitaa kama Umoja, Buruburu na Kahawa kuna kompyuta ya mezani ambayo imeona mengi. Iliingia nchini ikiwa tayari imetumika Ulaya, ikafanya kazi ofisini au katika saibakafe kwa miaka kadhaa, kisha ikaishia kwenye meza ndogo pembeni mwa sebule. Mashine yenyewe ingali nzima. Mama huweka hesabu za chama humo, baba huandika barua za kuomba kazi, na watoto huipigania kila jioni walimu wanapotoa kazi ya kufanyia nyumbani.

Kinachowachosha wote ni kiwambo chake. Aghalabu huwa ni kile cha mraba cha inchi 17, ambacho rangi yake imegeuka manjano kama karatasi iliyosahauliwa juani. Mwanafunzi wa chuo anayeandika utafiti wake hawezi kuona ukurasa mzima kwa wakati mmoja, na mama akifungua hesabu za chama hulazimika kusogeza majina kushoto ili aone pesa zilizo kulia.

Ndipo familia inapoamua kutafuta monita kubwa. Pesa hutolewa kwenye akiba, pengine zile zilizokusudiwa kulipia muhula ujao, na mzee wa nyumba anaelekea mjini. Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Hurudi nyumbani na kioo kipana cha kupendeza, lakini waya haiingii popote kwenye kompyuta. Au inaingia, lakini kila mtu kwenye picha amekuwa mnene na mfupi, na maandishi yana ukungu. Mwenye duka naye, akirudiwa, husema kwamba monita haina kasoro na kwamba kosa ni la kompyuta kuukuu.

Mara nyingi huwa anasema kweli. Monita hukubali kile tu inacholetewa na kompyuta, na kompyuta ya mwaka wa 2009 au 2011 ina mipaka yake. Kwa hivyo, msomaji, safari ya kununua monita haianzii Luthuli Avenue. Inaanzia nyuma ya meza yako, ukiwa na tochi mkononi na kitambaa cha kufutia vumbi.

Matundu manne

Vuta kompyuta mbele na utazame matundu yaliyo mgongoni mwake. Yanayohusu kiwambo ni ya aina nne, na si lazima uwe fundi ili uyatambue.

La kwanza ni VGA. Mara nyingi lina rangi ya buluu, lina vishimo 15 vilivyopangwa kwa safu tatu, na kandokando yake mna sehemu mbili za kufungia skrubu. Tundu hili lilianzishwa na kampuni ya IBM mnamo 1987, na limeishi kuliko wengi walivyotarajia. Mnamo Desemba 2010 kampuni kubwa, zikiwemo Intel, AMD, Dell na Samsung, zilitangaza kwamba zingeacha kulitumia ifikapo 2015. Hata hivyo, mashine zilizouzwa kabla ya hapo zingali mezani mwa watu, na ndizo tunazozizungumzia.

La pili ni DVI, ambalo ni pana, mara nyingi jeupe, lenye vishimo vingi vya mraba na upenyo mmoja mrefu ubavuni. La tatu ni HDMI, lile lile lililo nyuma ya runinga za kisasa na ving'amuzi. La nne ni DisplayPort. Hili hufanana sana na HDMI, ila kona yake moja imekatwa. Waya yake huwa na ndoano ndogo mbili, na lazima ubonyeze kitufe kabla ya kuichomoa. Watu wengi wamevunja tundu hili kwa kuvuta waya kwa nguvu bila kujua.

Chukua mashine mbili zinazoonekana sana katika nyumba na ofisi ndogo za Nairobi, yaani Dell OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite, zote za mwaka wa 2011. Kila moja ina VGA na DisplayPort. HDMI haimo. Mtu akimnunulia mojawapo monita yenye HDMI peke yake, siku hiyo hakuna atakachokiona isipokuwa kivuli chake kwenye kioo cheusi.

Dawa ipo, na si ghali. Kuna waya ambayo upande mmoja ni DisplayPort na upande wa pili ni HDMI. Huchomekwa DisplayPort kwenye kompyuta na HDMI kwenye monita. Ila kumbuka kwamba waya hii ina mwelekeo mmoja tu, kama barabara za katikati ya jiji. Ikiwa kompyuta ndiyo yenye HDMI na monita ndiyo yenye DisplayPort, waya hiyo ya kawaida haitafanya kazi hata ukiigeuza mara kumi. Waulize wauzaji swali hili na utashangaa ni wangapi wasiolijua.

Kati ya DVI na HDMI hakuna taabu kubwa, kwani waya rahisi yatosha kwenda upande wowote, ingawa sauti mara nyingi haipiti. Shida hasa ni ya yule ambaye kompyuta yake ina VGA pekee na monita aliyoitamani ina HDMI pekee. VGA hupeleka picha kwa mawimbi ya umeme na HDMI huipeleka kwa tarakimu, kwa hiyo kati yao lazima pawe na kifaa cha kutafsiri, ambacho chenyewe huhitaji umeme kutoka tundu la USB. Vile vya bei ya chini hupata joto na kutia picha ukungu. Kwa mtu kama huyo ushauri wangu ni mfupi. Tafuta monita ambayo yenyewe ina VGA. Zimejaa miongoni mwa zile zilizotumika, na hata kati ya mpya za bei nafuu zingalipo.

Ukimaliza kuyatazama matundu, yapige picha kwa simu yako. Picha hiyo ina faida kuliko maelezo yoyote utakayojaribu kumpa mwenye duka.

Inchi si kila kitu

Jambo la pili linalowapoteza watu ni ukubwa. Inchi za monita hupimwa kutoka kona moja ya kioo hadi kona ya mkabala, na zamani viwambo vilikuwa karibu mraba ilhali vya leo ni vipana. Kwa hivyo inchi za zamani na za leo hazilingani.

Monita ya zamani ya mraba ya inchi 17 ina kimo cha sentimita 27 hivi. Ile pana iitwayo ya inchi 19, ambayo kwa kweli aghalabu huwa 18.5, ina kimo cha sentimita 23. Maana yake ni kwamba mtu anayeacha inchi 17 akanunua 19 akidhani amepanda daraja, kwa kweli amepunguziwa sentimita nne za ukurasa. Ataona vizuri sinema, lakini barua yake itakuwa imekatwa miguu. Hata ile pana ya inchi 22, kimo chake ni sawa na cha ile inchi 17 ya mraba, ingawa ni pana zaidi.

Ni katika inchi 24 ndipo mtu anapata nafuu ya kweli. Upana wake ni sentimita 53 na kimo chake karibu 30, yaani sawa na ile ya mraba ya inchi 19, pamoja na nafasi ya kuweka ukurasa wa pili kandokando. Mwanafunzi anaweza kufungua kitabu upande mmoja na kuandika upande wa pili.

Chukua tepu ya fundi wa nguo uende nayo dukani. Kioo cha inchi 24 kina sentimita 61 kutoka kona hadi kona, na cha inchi 27 kina 68 na nusu. Pima kioo peke yake bila fremu, kwa sababu wapo wauzaji wanaoihesabu plastiki.

Kisha kuna suala la nukta. Picha ya kiwambo imefumwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli, kama vile mkeka ulivyofumwa kwa ukindu. Monita ya mraba ya inchi 17 au 19 kwa kawaida ina nukta 1280 kwa 1024, jumla yake milioni 1.3. Ile inayoandikwa Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ikiwa imeandikwa HD tu, kaa chonjo. Huenda ikawa ni 1366 kwa 768 au 1600 kwa 900, na muuzaji hatakueleza tofauti usipomuuliza.

Nukta hizo zikitandazwa kwenye kioo kikubwa zaidi, hazizidi bali hunenepa. Full HD kwenye inchi 24 hukupa nukta 36 katika kila sentimita moja ya upana. Kwenye inchi 27 ni 32, na kwenye inchi 32 ni 27 tu, kiwango ambacho mtu aliyeketi karibu ataanza kuona herufi zikiwa na meno ya msumeno. Mzee ambaye macho yake yamechoka huenda akaipenda ile ya 27, kwa kuwa herufi zake ni kubwa. Mwanafunzi asomaye kwa saa nyingi, mimi ningempa 24.

Je, kwa nini basi mtu asinunue ile yenye nukta nyingi kabisa, ile iitwayo 4K? Kwa sababu kompyuta haitaiweza. Mashine za 2011 kupitia DisplayPort zinaweza kufika nukta 2560 kwa 1600, na kwa hivyo mwenye pesa za ziada anaweza kuweka monita ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440. Lakini nukta milioni nane za 4K ni mzigo mwingine. Hata baadhi ya mashine zilizofuata, zikipitisha picha hiyo kwenye HDMI ya zamani, hufikisha picha 30 au pungufu kwa sekunde badala ya 60, na kishale cha panya huonekana kikijikokota. Vivyo hivyo kwa zile monita zinazosifiwa kuwa na kasi ya picha 144 kwa sekunde kwa ajili ya michezo. Ni kulipia mbio za gari ambalo haliwezi kuzikimbia.

Ikiwa kompyuta yako ni kuukuu zaidi, ya enzi ya Pentium 4, tahadhari hata na Full HD. Nyingi kati ya hizo hazina 1920 kwa 1080 katika orodha ya vipimo vyake, na ndipo watu kwenye picha wanapogeuka wanene. Mwenye mashine kama hiyo afadhali aweke pesa zake mpaka apate kompyuta nyingine.

Wapo wanaohofia kwamba kioo kikubwa kitaifanya kompyuta kuwa nzito. Hofu hiyo imepitiliza. Picha moja kamili ya Full HD huchukua kumbukumbu ya takribani megabaiti nane, ambayo ni kidogo hata kwa mashine ya miaka hiyo. Barua na hesabu hazitabadilika mwendo. Panapoweza kuwa na mikwamo ni katika video za mtandaoni zikijaza kioo chote. Zishushe hadi 720 na zitatulia.

Runinga badala ya monita?

Swali hili huulizwa katika kila nyumba. Kwa nini tusinunue runinga ya inchi 32, tuitumie kwa taarifa ya habari na kwa kompyuta pia?

Kwa sinema na katuni hakuna ubaya. Kwa kusoma na kuandika, la. Runinga nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina nukta 1366 kwa 768 pekee. Zitandaze kwenye upana wa sentimita 70 na utapata nukta 19 kwa kila sentimita, nusu ya zile za monita yako ya mraba unayoitupa! Isitoshe, runinga nyingi hukata kingo za picha, na sehemu ya chini yenye kitufe cha kuanzia hupotea hadi ubadilishe mipango katika menyu. Na tusisahau kwamba saa moja jioni mwanafunzi atataka kuandika wakati wengine wote wanataka habari.

Kama ni lazima iwe runinga, hakikisha ni Full HD, kisha uweke tundu unalotumia kuwa la kompyuta katika menyu yake. Maandishi yatanyooka kiasi.

Mpya au mitumba

Tuseme una Sh10,000 mkononi. Kwa kiasi hicho sahau inchi 27 mpya. Chaguo lako la kweli ni kati ya mpya ndogo na kubwa iliyotumika, na mitumba ya monita si kitu cha kuonea aibu. Ofisi za Uingereza na kwingineko hubadilisha vifaa kwa mkupuo, na nyingi ya monita hizo za Dell, HP na Lenovo zilitengenezewa kazi ya mchana kutwa. Baadhi zina mguu unaopanda na kushuka, jambo ambalo ni adimu katika mpya za bei ya chini.

Maduka yake yametapakaa Moi Avenue, Tom Mboya na Luthuli, ambayo ilikarabatiwa mwaka wa 2019 na sasa mtembeaji ana nafasi ya kupumua. Nenda katikati ya wiki asubuhi ikiwa unaweza. Jumamosi alasiri madalali wa mlangoni hukuvuta mkono, na muuzaji hana muda wa kukuachia uijaribu monita. Na kujaribu ndiko kila kitu.

Usikubali kuonyeshwa sinema. Picha za bahari na kasuku huficha maradhi yote. Omba ufunguliwe ukurasa mweupe mtupu kisha barua yenye herufi ndogo. Kwenye weupe ndipo utaona madoa, kivuli pembeni, na umanjano wa taa iliyozeeka. Halafu omba rangi nyeusi, na hapo utaona nukta zinazowaka bila kuzimika. Nukta moja mbovu pembeni inavumilika. Ikiwa katikati, itakusumbua kila unaposoma. Mstari mwembamba unaokatiza kioo kutoka juu hadi chini ni ugonjwa usio na tiba ya bei rahisi, hata mwenye duka akiapa kwamba ni waya tu.

Simama kando, kisha inama chini kidogo. Kama rangi zinageuka au uso wa mtu unakuwa mweusi, kioo hicho ni cha aina iitwayo TN. Kinamfaa mtu mmoja aliyeketi mbele yake, lakini si watoto watatu waliobanana kwenye benchi. Kile cha aina ya IPS hubaki vile vile kutoka kila upande, na ndicho cha kutafuta kwa nyumba yenye familia.

Iache iwake nusu saa huku ukipiga gumzo. Monita yenye vifaa vya umeme vilivyochoka huanza vizuri ikiwa baridi, kisha ikapepesa au kuzimika ikipata joto. Muuzaji akikuharakisha, sababu unaijua.

Geuza pia mgongo wake usome kibandiko. Humo mna nambari ya mtindo, mara nyingi na mwaka wa kutengenezwa. Zile za kabla ya mwaka wa 2010 hivi, nyingi hutumia mirija midogo ya taa kama zile za dari, yenye zebaki ndani, ambayo hufifia kadiri inavyotumika. Baada ya hapo zikaja za taa za LED, na hizo ndizo za kuchukua.

Mambo mawili madogo huwagharimu watu baadaye. Kwanza ni mguu. Monita nyingi za mitumba hufika zikiwa kichwa tu, na mguu huuzwa kando. Ukikuta mgongoni matundu manne ya skrubu yenye nafasi ya sentimita 10 kati yake, unaweza kutumia mguu wa aina yoyote ya kipimo hicho au kuifunga ukutani. Pili ni chaji. Monita ambayo umeme wake hupitia kisanduku cha nje huhitaji volti zake hasa. Nyingine hutaka 12, nyingine 14, nyingine 19, na plagi zaweza kufanana. Soma kibandiko cha monita na cha chaji na uone kwamba vinakubaliana, kabla ya kulipa.

Lipa baada ya kujaribu, si kabla. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha ulimtumia nani na kiasi gani, lakini hausemi ulinunua nini. Dai risiti yenye nambari ya monita na muda wa dhamana, hata kama ni majuma mawili tu. Wanunuzi wengi hawajui kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtarajia anayeuza aina hiyo ya bidhaa atoe kitu kinachofaa kuuzwa, lakini mnunuzi aliyekikagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mwenye macho haambiwi tazama, na hapa hata sheria yasema hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua kwa makini. Monita huishi zaidi ya kompyuta. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine za mwaka wa 2011 hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Leo au kesho kompyuta hiyo itabadilishwa. Kwa hiyo monita yenye VGA kwa ajili ya leo na HDMI au DisplayPort kwa ajili ya kesho ina thamani kuliko ile yenye tundu moja, hata kama imeongezwa mia tano.

Stima na macho

Kwa upande wa stima, hesabu ni rahisi. Monita ya inchi 24 ya LED hutumia wati 20 hivi. Iwake saa tano kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 itakula uniti tatu. Ile ya mirija inayotumia wati 50 itakula saba na nusu, na ile ya zamani kabisa yenye mgongo mkubwa kama sanduku, wati 80, itafika uniti 12. Anayenunua tokeni kila wiki atauona huo upungufu.

Ukiibeba kwenye matatu, isimamishe wima na uishike kando, si kwenye kioo. Hata kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu huacha alama isiyofutika.

Nyumbani, chomeka ukiwa umezima mashine zote mbili, kisha ubonyeze kitufe cha kulia cha panya kwenye sehemu tupu ya kiwambo, ufungue mipango ya kiwambo na uchague 1920 kwa 1080. Watu wengi huruka hatua hii na kuishi miaka na picha iliyovutwa. Kama unatumia VGA na herufi zina ukungu, tafuta kwenye monita kitufe kilichoandikwa Auto. Ukungu ukibaki, shuku waya. Waya za VGA nyembamba na ndefu ndizo adui mkubwa wa kioo kipana, na kubadilisha moja huleta nuru ya ajabu.

Iweke mbali na macho kiasi cha urefu wa mkono, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho au chini kidogo. Vitabu viwili vya simu vya kale chini ya mguu wake hufanya kazi hiyo vizuri, ikiwa bado unavyo. Usielekeze kioo dirishani. Madaktari wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, kwani anayekodolea kiwambo husahau kupepesa na macho yakakauka. Kwa mwanafunzi, mti ulio nje ya dirisha watosha.

Na ile monita ya zamani? Ikiwa ni ya mgongo mkubwa, usiruhusu watoto waifungue wala kuivunja. Kioo chake kina risasi, na ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Kituo cha WEEE Centre kilichoko upande wa Embakasi hupokea vifaa kama hivyo na kuvitenganisha inavyopasa.

Lakini ikiwa ni ile ya mraba iliyo bapa na ingali inawaka, usiitupe. Kumbuka kompyuta za 2011 zina matundu mawili, VGA na DisplayPort, na yote mawili hufanya kazi kwa pamoja. Chomeka monita mpya kwenye DisplayPort na uiache ile ya zamani kwenye VGA yake. Katika mipango ya kiwambo chagua kupanua badala ya kurudufu, na mama ataweza kuwa na majina ya chama kwenye kioo kimoja na pesa kwenye kingine.